Mizani ya Pamba na Mkongo wa Mawasiliano: Nani Anaupima Mji wa Bariadi?

Mtu anayetaka kuelewa intaneti ya kasi inaweza kuufanyia nini mji wa Bariadi hana budi aanze na mizani ya pamba. Nasema hivi nikijua kwamba wengi miongoni mwa wasomaji wangu, hasa watumishi wa halmashauri na wanafunzi wa mipango miji, wamezoea mjadala huu uanze na msamiati wa makongamano: uchumi wa kidijitali, mapinduzi ya nne ya viwanda, na hiyo inayoitwa "miji janja". (Neno hilo la mwisho peke yake lingetosha kumtia wasiwasi mkulima wa pamba, ambaye anawajua wajanja wa vipimo tangu enzi za babu yake.) Swali la nani anashika kipimo, nani anakisoma na nani anatunza daftari liliulizwa katika nchi ya Wasukuma muda mrefu kabla ya kompyuta ya kwanza kufika, na jibu lililopatikana wakati ule linatuhusu leo.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Ilipita Malampaka katika wilaya ya Maswa. Bariadi, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo, ikabaki mbali na kituo. Pamba iliyolimwa huko ndani ilikwenda kwenye viwanda vya kuchambulia, kisha kwenye reli, kisha baharini, na kila hatua ya safari hiyo ilikuwa na karatasi na karani wake. Hatua ya kwanza tu, ile ya kituo cha kununulia, ndiyo iliyomwacha mkulima bila karatasi yake mwenyewe. Alifika na mzigo, mnunuzi akaupandisha kwenye mizani, akasoma, akatamka ratili, akalipa. Malalamiko ya kupunjwa yalijaa Jimbo la Ziwa lote.

Kuna jambo moja hapa ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Wakulima hawakudai mizani iondolewe. Katika sehemu kadhaa za jimbo, kabla hawajaruhusiwa kununua pamba wao wenyewe, walijiunga katika vikundi, wakamchagua mtu wao anayejua kusoma na kuhesabu, wakamchangia ujira, naye akasimama kituoni kuupima mzigo upya. Huyo mpimaji wa wakulima hakuwa na mamlaka yoyote ya kiserikali. Alikuwa na jicho kwenye mshale na daftari mkononi. Kutokana na juhudi za namna hiyo kilizaliwa mwaka 1952 chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya kijana Paul Bomani, na mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao hadi kufikia Uhuru ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Serikali ya kikoloni ilielewa vizuri kwamba anayeanza kwa kuhoji mizani hataishia hapo. TANU ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958.

Katika miaka ileile serikali ilikuwa na vipimo vyake yenyewe. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikuja na wataalamu wa udongo, ramani za msongamano wa watu na hesabu za ng'ombe kwa kila eneo. Si haki kuubeza wote: malambo mengi yalichimbwa, na hoja ya kwamba ardhi ilikuwa inachoka haikuwa uzushi. Leo tungeuita mradi wa uendelevu, na pengine ungepata ufadhili. Ila hesabu zake zilikwenda upande mmoja. Mfugaji aliyejua kwamba ng'ombe wake akihesabiwa leo huenda akalazimishwa kumpunguza kesho hakuwa na sababu ya kumwambia karani ukweli. Amri za kupunguza mifugo, za matuta na za kuhamia Geita zilizaa chuki iliyoisaidia TANU kuliko hotuba yoyote. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 sehemu kubwa ya mpango ilikuwa imekufa.

Linganisha na kilichotokea miaka 30 baadaye. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Tatizo lilikuwa lilelile: miti imekwisha, ardhi imebaki wazi, vumbi. Wataalamu wa HASHI walikuta watu wana kitu kinachoitwa ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili litumike kiangazi, na wana mkutano wa jadi, dagashida, unaoweza kumtoza faini anayevunja mpaka. Mradi ukajengwa juu ya hayo. Ndani ya muda usiozidi miongo miwili hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerudishwa kuwa ngitili, kutoka mamia machache tu yaliyoandikwa mwanzoni, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ardhi ni ileile na watu ni walewale. Mpaka wa ngitili ulijulikana na kulindwa na jirani anayeishi pembeni yake, na hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya HASHI na mpango wa 1947.

Sasa tuje kwenye mkongo. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, mwaka uleule ambao kebo ya SEACOM ilitua Dar es Salaam kutoka baharini. Awamu mbili za kwanza zilitandaza kilometa 7,560 za nyaya kwa mkopo wa China, na TTCL ikapewa jukumu la kuusimamia. Wakati ramani ya mkongo inachorwa, Bariadi ilikuwa mji wa wilaya. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012, pamoja na Geita, Katavi na Njombe, na ghafla mji wa pamba na mnada wa ng'ombe ukawa makao makuu ya mkoa wenye wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya nusu milioni ndani ya miaka kumi, katika mkoa wenye mito ya msimu na mvua isiyoaminika.

Kwa hiyo tunapouliza kama teknolojia inaweza kuufanya mji huu udumu, tunauliza mambo ya kawaida kabisa. Maji yatatoka wapi na mangapi yatavujia njiani? Mradi mkubwa wa kuyatoa Ziwa Victoria kupitia Busega, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia mwaka 2017 zaidi ya yuro milioni 100, utajaza mabomba. Hautajua wenyewe ni mtaa gani unapoteza maji usiku. Je, viwanja vinapimwa kabla watu hawajajenga, au baada? Mkondo wa maji ya mvua uko wapi, na ni nani ameuzibia kwa fremu za maduka? Taka zinakwenda wapi? Kuni na mkaa wa mji vinatoka ngitili gani? Maswali yote haya ni ya vipimo. Mita inayotuma taarifa kwa mtandao, ramani ya viwanja inayofunguka ofisini kwa mtendaji wa kata, picha za anga za kila mwaka zinazoonyesha miti inapungua upande gani: hivi vyote vinawezekana kwa intaneti iliyopo sasa na havihitaji maajabu.

Na faida nyingine tayari tunaziona bila kuzitaja. Kabla ya 2012 jambo lolote la ngazi ya mkoa lilimpeleka mkazi wa Bariadi hadi Shinyanga mjini, nauli na siku nzima, mara nyingine siku mbili kwa sababu mhusika "ametoka kidogo". Leo ada na tozo nyingi za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu ileile inayopokea fedha za mauzo ya dengu. Safari ambayo haikufanyika ni mafuta ambayo hayakuchomwa, na ni siku ya kazi ambayo haikupotea.

Hata hivyo, nataka tukae zaidi kwenye kodi ya majengo, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha waziwazi mizani mpya ikifanya kazi.

Kwa Sheria ya mwaka 1983 ya mamlaka za miji, kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha mapato cha mji wenyewe. Kwa miaka mingi ilikusanywa vibaya, kwa sababu rahisi: halmashauri hazikujua zina majengo mangapi. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa miji ya kimkakati, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na Denmark, ulizisaidia Arusha, Mwanza, Tanga, Mbeya, Dodoma, Kigoma-Ujiji na Mtwara-Mikindani kuunganisha picha za setelaiti, ramani za kompyuta na mfumo wa mapato wa serikali za mitaa. Arusha ilikuwa na majengo yapatayo 23,000 kwenye daftari lake. Baada ya kazi hiyo ikajikuta na zaidi ya 100,000. Huo mji haukukua mara nne kwa usiku mmoja. Ulikuwapo muda wote, ila haukuwa umeandikwa. Daftari la namna hiyo lina matumizi mengi kuliko kodi. Anayejua kila jengo lilipo anajua pia mfereji upite wapi, gari la taka lifike mara ngapi, na shule ijengwe upande gani.

Kisha, mwaka 2016, ukusanyaji wa kodi hiyo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2021 ukaunganishwa na ununuzi wa umeme wa LUKU: kwa nyumba ya kawaida, shilingi 1,000 kila mwezi zikakatwa mtu anaponunua uniti. Nakubali uzuri wa mbinu hiyo kama mbinu. Hakuna mkusanyaji wa kuhongwa, hakuna foleni, hakuna karatasi ya kupotea. Waliobuni mfumo huo walitumia mtandao uliokwisha kufika majumbani badala ya kujenga mwingine, na huo ni uhandisi wa busara.

Lakini angalia kilichopotea njiani. Kodi ya majengo imeacha kuwa swali juu ya jengo, ikawa swali juu ya mita. Nyumba isiyo na umeme haionekani. Mpangaji anayenunua umeme anajikuta analipa kodi ya mali isiyo yake, na kumwomba mwenye nyumba marejesho ni jambo ambalo wapangaji wengi hawathubutu. Nyumba ndogo ya vyumba viwili pembezoni mwa mji na nyumba kubwa ya chini iliyo mkabala na barabara kuu zinalipa sawa. La msingi kwangu ni hili: halmashauri haina tena sababu ya kifedha ya kulijua jengo. Mji uliokuwa unajifunza kujihesabu umeambiwa upumzike, kwa maana hesabu inafanyika kwingine. Ukikumbuka yule mnunuzi anayesoma mshale na kutamka ratili, utaelewa kwa nini nilianza pale nilipoanzia. Mizani ya LUKU ni sahihi hadi senti ya mwisho. Usahihi wa chombo haujawahi kuwa hoja yote.

Watumishi wa umma watanijibu kwamba taarifa za majengo zimepatikana kwa njia nyingine, na ni kweli. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua operesheni ya anwani za makazi, na Agosti mwaka huohuo makarani wa sensa wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Kwa mara ya kwanza katika historia yake Bariadi, pamoja na kata zake za pembezoni zenye sura ya kijiji, imeandikwa mlango kwa mlango. Kazi ilifanywa kwa kiasi kikubwa na vijana wa palepale, wakiongozwa na wenyeviti wa mitaa wanaomjua kila mtu. Hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko lilivyosherehekewa. Lakini vishikwambi vilikwenda kwa walimu (uamuzi mzuri), taarifa zikapanda kwenda kwenye mifumo ya taifa, nasi tunabaki na maswali. Je, mwenyekiti wa mtaa wa Bariadi anaweza leo kufungua ramani hiyo na kuona kaya zinazokaa ndani ya mkondo wa maji? Diwani anaweza kuipeleka kwenye baraza na kuuliza kwa nini gari la taka halifiki upande fulani? Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kuitumia kwa somo la jiografia? Kama jibu ni hapana, basi mpimaji wa wakulima ameondolewa kituoni, na mara hii ameondolewa na serikali yake mwenyewe, kwa nia njema.

Yapo mambo tunayoweza kujifunza kwa jirani. Mwaka 2011 wanafunzi na wakazi waliichora Tandale, mtaa wa Dar es Salaam ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Mwaka 2015 ikaanza Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walizunguka na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora mifereji, vyoo, njia za miguu na mahali maji hufikia kila mvua kubwa, na kuyaweka yote kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Zanzibar kuanzia mwaka 2016 ikapiga picha visiwa vyake kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ndio walioongoza vyombo. Ukitaka mfano wa mbali, kampuni dada ya Google ilitangaza mwaka 2017 kwamba ingejenga kitongoji cha kidijitali ufukweni mwa jiji la Toronto, Kanada. Wakazi wakauliza taarifa zitakazokusanywa na vihisi vya barabarani zitakuwa mali ya nani. Mwaka 2020 kampuni ikaondoka. Ilitaja hali ya uchumi, lakini swali la wakazi lilikuwa limeisumbua muda wote huo. Watu wa Toronto hawakuwa wameisikia historia ya Jimbo la Ziwa, wala hawakuihitaji.

Wanaharakati nao wana hofu yao, nami sipendi ipuuzwe: daftari lililo wazi mno linaweza kumdhuru anayeandikwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatupa pa kusimamia. Jina la mwenye nyumba na namba yake ya simu si lazima vionekane na umma ili mfereji uonekane. Kutenganisha hayo mawili ni kazi ya kiufundi isiyo ngumu, na anayetumia faragha ya wananchi kama kisingizio cha kuficha ramani ya mifereji anafaa aulizwe maswali zaidi.

Hoja ya gharama ina uzito zaidi. Minara imeongezeka, Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini nchini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Lakini mnara si bando, na ofisi ya kata yenye kompyuta moja isiyo na karatasi ya kuchapia haiwezi kuendesha mji kwa ramani. Hata hivyo, kinachohitajika kwanza hapa ni kidogo kuliko tunavyoaminishwa.

Bariadi ina bahati ambayo Mwanza haina tena: sehemu kubwa ya mji bado haijajengwa. Milima ya Mwanza imekwisha kujaa nyumba, na kila mfereji sasa ni kesi. Huku kwetu, ukitoka katikati ya mji kuelekea Nyakabindi, bado kuna mashamba, malisho, na ngitili ambazo wazee wanaweza kukutajia mpaka wake mti kwa mti. Mipaka hiyo ikichorwa sasa, pamoja na mikondo ya maji na malambo ya zamani, ofisi ya mipango miji itakuwa na kitu cha kukikataza kiwanja kisikatwe mahali pabaya. Ikisubiri miaka mitano, itakuwa na kitu cha kubomoa, na fidia ya kulipa.

Kazi hiyo haihitaji mkopo wa nje. Inahitaji wanafunzi wachache wa likizo wenye simu za kawaida na programu ya ramani isiyo na malipo, azimio la baraza la madiwani kwamba ramani itabaki mikononi mwa mitaa yenyewe huku nakala ikienda Dodoma, na mzee mmoja katika kila mtaa anayekumbuka maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa. Nakala ya kwanza ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, mahali ambapo mtu asiye na simu janja anaweza kusimama, akaweka kidole kwenye nyumba yake, na kusema kama imeandikwa sawasawa.